Barabara Niliyokukaririsha

Rosettenville, Jumapili mchana

Mama,

Leo duka la ramani limefungwa na mzee Brendan ameniachia ufunguo. Nimekaa kwenye ile meza ndefu ya kazi, nimesogeza gundi na visu pembeni, nimetandaza karatasi. Wewe uko nyumbani, jirani yetu Mama Chantal anakusuka nywele za safari, na ninavyomjua hatamaliza kabla ya saa kumi na mbili maana mdomo wake huenda kasi kuliko vidole. Ndege yako ni kesho jioni. Kwa hiyo nina mchana huu mmoja.

Sitakuandikia habari za sweta. Baridi ya Ayalandi umeshahubiriwa vya kutosha, na hati zako umezipanga mwenyewe vizuri kuliko ambavyo ningezipanga mimi. Ninakuandikia Kiswahili ingawa wewe unanijibu kwa Kiingereza hata nikikuuliza kama chumvi imetosha, kwa sababu jambo ninalotaka kukuambia nililifanya kwa Kiswahili. Utaisoma polepole, kama ulivyokuwa ukinisomea Biblia Jumapili. Ukikwama neno, niulize.

Jambo lenyewe nitalitaja sasa hivi, maana nikizungukazunguka sitafika. Bibi yako, mama yangu, yule uliyerithi jina lake, hakubaki Bukavu. Alisafiri nasi. Mimi ndiye niliyemwacha njiani, kisha nikakufundisha useme kwamba alibaki nyumbani, na nikakufundisha vizuri mno hata wewe mwenyewe ukaamini.

Usiitupe barua kwanza. Nipe nafasi nianzie mahali ninapoweza kupashika, yaani kwenye karatasi za kazi yangu.

Unazikumbuka zile ramani za barabara za Ayalandi. Mwaka ule majirani walipotugeuka na kutuwinda mitaani, wakati mimi bado ni mlinzi wa geti hapa, mzee Brendan alitufungulia chumba cha juu tukalala siku kumi, wewe na mimi na Mama Chantal. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Kuta zote zilijaa kurasa za kitabu kimoja chenye umri wa miaka zaidi ya mia mbili, ambacho mtu fulani alikikata ukurasa mmoja mmoja ili auze. Kila ukurasa una vipande virefu vilivyosimama, na kila kipande ni barabara: unaanza chini, unapanda, ukifika juu unahamia kipande cha pili. Nje watu walikuwa wanakimbia na kupiga mayowe, na wewe umesimama kitandani unapitisha kidole kutoka Dublin kwenda kaskazini, unasoma majina ya nyumba za matajiri kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Papa, look, huyu ana kinu! Na huyu naye ana kanisa yake peke yake, eish!" Nilicheka siku ile. Nilikuwa sijacheka wiki nzima.

Baada ya fujo mzee Brendan aliniambia nisirudi getini, niingie ndani. Alinifundisha kuosha karatasi kuukuu bila kuichana, kupika gundi ya unga wa ngano, kuziba mpasuko kwa karatasi nyembamba, kukata kadi na kufunga fremu. Miaka mitano sasa nimezishika barabara zile kwa mikono hii. Na mwalimu hata akivuliwa chaki huwa haachi kusoma.

Nikuambie nilichosoma. Mpimaji alipita na mnyororo wake akapima barabara tu. Kushoto na kulia akaandika alichokiona akiwa barabarani: daraja, kinu, kanisa, nyumba ya kulala wageni, magofu, na sehemu nyingine mahali pa kunyongea watu. Baada ya hapo karatasi ni nyeupe. Njia ndogo inayochepuka imekatwa pale pale inapoanzia, imeandikwa inaelekea wapi, basi. Kaskazini haikai mahali pamoja. Kila kipande kina dira yake iliyogeuzwa, kwa sababu barabara imelazimishwa kwenda juu moja kwa moja hata pale inapopinda. Maili zao nazo zilikuwa ndefu kuliko za Waingereza, hivyo mgeni aliyehesabu maili kumi alitembea karibu kumi na tatu za kwao. Na majina yaliyoandikwa kando ya njia ni ya wenye nyumba kubwa, wengi wao watu waliolipia kitabu kabla hakijachapwa. Vibanda vya wakulima, ambao ndio waliokuwa wengi, havimo.

Wateja huja kutafuta majina ya ukoo wao. Mwaka wa vuvuzela, ule wa Kombe la Dunia, alikuja mama mmoja mzee, ameendesha gari peke yake toka Springs, akakaa na kioo cha kukuzia saa nzima. Alikuwa anatafuta watu wa babu yake kwenye barabara moja ya magharibi. Mwishowe akaweka kioo chini akasema, "Hawapo. Ina maana hawakuwepo?"

Mzee Brendan akaweka kidole kwenye ile nyeupe, kando kabisa ya mstari. "Walikuwepo," akamwambia. "Hapa. Huwezi kupita njia hii usiwaone. Mpimaji aliwaona, ila hakuwaandika."

Mimi nilikuwa nimeshika fremu. Niliilaza mezani, nikatoka uani, nikalia nyuma ya tangi la maji hadi nikaishiwa. Niliporudi nilisema ni vumbi la mbao. Tangu siku hiyo nimetaka kukuandikia barua hii, na imenichukua miaka mitatu kukaa chini. Hivyo ndivyo nilivyo mwoga.

Sasa soma nami barabara ya kweli, toka chini kwenda juu.

Tulitoka Bukavu watu watatu. Mama yako mzazi alikuwa amefariki kwa homa ukiwa hujaanza kutambaa. Hilo nililokuambia ni kweli, na lile kaburi la kwenye picha ni lake. Bibi ndiye aliyekulea kwa uji, na ndiye aliyekubeba mgongoni tulipoteremka Uvira. Ziwani alifumba macho safari nzima mpaka Kigoma, ameshika mguu wako kama vile wewe ndiwe utakayemwokoa. Mbeya mwenye hoteli mmoja alituacha tulale siku mbili kati ya makreti ya soda, na hakutaka hata asante. Halafu tukaingia Malawi, na hapo ndipo ramani niliyokupa inaporuka. Tulikaa kambini Malawi mwaka mmoja na nusu.

Mwaka mmoja na nusu, Mama. Uliingia hujui kufunga kamba za viatu, ukatoka unahesabu kwa Kichewa: chimodzi, ziwiri, zitatu. Bibi alilima mchicha nyuma ya kibanda chetu cha matofali mabichi. Ulikuwa na kuku mwenye mguu mbovu uliyemwita Madame, ukimlalisha kwenye kikapu na kumfunika kanga. Ulipougua malaria Bibi alikaa macho siku nne, akakataa hata mimi nimpokee. Vitu hivyo vyote ni vyako na mimi nilikuibia. Mtu akiibiwa redio hujua imekwenda. Wewe hukujua hata kwamba uliwahi kuwa na kuku.

Bibi hakutaka tuondoke pale. "Hapa tunakula, hapa tunalala," aliniambia. "Unatafuta nini huko mbele?" Nilikuwa na barua ya rafiki aliyesema Joburg mwalimu hafi njaa, na nilikuwa na kiburi cha mwanaume msomi anayepanga foleni ya maharage. Nilimshinda kwa maneno. Huo ndio ushindi ninaoujutia kuliko kushindwa kokote.

Lori lilitufikisha Msumbiji, ng'ambo ya Zambezi, ukishapita Tete, likaharibika. Miguu ya Bibi ilikuwa imevimba hata ndala haziingii. Tulipokewa na mama mmoja aliyekuwa anawauzia madereva wali na samaki kando ya barabara, Dona Celeste. Tulilala kwake siku tatu. Siku ya nne akaja dereva wa kwenda Harare mpaka Joburg, akatuangalia, akasema atachukua wawili: mimi, na mtoto atamlaza kwenye kile kitanda nyuma ya kiti. Mama mzee hapandi, wataulizwa maswali mpakani.

Ningeweza kumwambia mama yangu ukweli. Angesema, "Nenda, mwanangu," nina hakika angesema, na neno hilo ndilo nililoliogopa, maana ningelibeba maisha yangu yote. Kwa hiyo nilichagua mzigo ambao nilidhani ni mwepesi. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilimwambia, "Mama, tunaenda kuangalia lori, tutarudi saa sita."

Akasema, "Muniachie mutoto basi, jua ni kali."

Nikasema, "Hapana, anataka kuona magari."

Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakufunga wewe kichwani kwa ajili ya jua, akabaki na mvi zake wazi. Sijui kama alijua. Nimejiuliza kila siku kama alijua. Wewe ulimpungia mkono kwa sababu ulikuwa unapenda kupunga mkono.

Joburg tulifikia Yeoville, chumba kimoja na watu wanane. Kulikuwa na jamaa mmoja wa kwetu, Papa Dieudonné, ambaye kila mgeni alipelekwa kwake kabla hajaenda kuomba karatasi za ukimbizi. Alikuwa anatengeneza hadithi za watu jinsi fundi anavyorekebisha suti. Nilimsimulia yangu yote, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, sikia bien," akasema. "Ukisema mulikaa kambini Malawi, batakuuliza: sasa mbona hamukubakia kule? Dossier inafungwa, c'est fini. Sema mulipita tu. Majuma tatu, njiani, njiani, mpaka huku."

"Na mama yangu?"

"Mama alibakia kwetu. Ni muzee, hawezi safari. Ni rahisi."

Kweli ilikuwa rahisi. Akanipa barabara mpya: Bukavu, Uvira, Kigoma, Mbeya, Lusaka, Harare, Musina, Joburg. Lusaka hatujawahi kuiona, mimi wala wewe. Akasema na mtoto ajue, maana watoto huulizwa.

Nilikukalisha kitandani na pakiti ya biskuti. Jina moja, biskuti moja. Majina uliyashika siku moja tu, na nilijisikia fahari, Mungu anisamehe, fahari ya mwalimu. Lakini nilipokuuliza, "Nani alibaki nyumbani?" ukajibu, "Hapana mutu. Bibi iko kwa Dona Celeste." Nikakusahihisha. Ukarudia. Nikakusahihisha tena, ukaanza kulia, ukasema twende tukamchukue, saa sita imeshapita. Nikakupiga kofi.

Unajua kwamba sijawahi kukupiga. Umewaambia rafiki zako hivyo, nimekusikia. Nilikupiga mara moja, ukiwa na miaka mitano, kwa kosa la kusema kweli. Nikauliza tena nani alibaki nyumbani, ukasema, "Bibi," nikakupa biskuti, na hukuila.

Pale ofisini alikuwepo mama mmoja wa miwani, mpole. Alikuinamia akakuuliza, nami nikisikia mkalimani akikuuliza. Ukasema Bibi. Akakupa kalamu ya kuchezea, akaandika. Tukapata karatasi.

Miezi ikaenda ukaigeuza ile orodha kuwa wimbo wa kuruka kamba. Bukavu, Uvira, Kigoma, Mbeya! Watoto wote wa lile jengo waliujua, hata wale Wazulu wa ghorofa ya pili, na mama zao waliupenda. Nilikuwa nausikia toka dirishani baada ya kazi. Halafu siku moja, ukiwa na miaka sita hivi, ukaniuliza, "Papa, Bibi alipunga mkono tulipoondoka Bukavu?" Nikajua kwamba hukumbuki tena. Nikajibu, "Ndiyo, alipunga sana." Wanasema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Kwetu sisi ilikuwa kinyume.

Utaniuliza kwa nini sikurudi kumchukua. Nimejiandaa kwa swali hili miaka mingi na bado jibu langu ni baya. Nusu yake ni karatasi: nikivuka mpaka, naipoteza, na wewe pamoja nami. Nilipopata kazi ya ulinzi na chumba chetu wenyewe, nilimwendea mama mmoja wa kanisani anayejua mambo hayo, aliyewahi kuliona faili langu, nikamuuliza mtu anawezaje kumleta mzazi aliyekwama Tete. Akanitazama. "Si wako uliandika yuko Bukavu?" Nikasema namuulizia rafiki. Kwenye faili langu mama yangu hakuwa njiani popote, na mtu ambaye hayuko njiani haletwi.

Nusu ya pili ni uso wake. Nilituma salamu kwa madereva mara mbili: mwambieni nakuja. Mara ya tatu sikutuma, kwa kuwa niliona haya kurudia neno lile lile. Ningeweza kutafuta simu ya jirani wa Dona Celeste. Ningeweza kuandika barua. Mimi ni mwalimu, kazi yangu ni kuandika. Aibu ukiikaribisha mwaka wa kwanza, mwaka wa pili haikuombi ruhusa tena, inakaa tu kama mwenye nyumba.

Mwaka wa nne dereva mmoja Mmalawi alinikuta soko la Yeoville. "Wewe ndiye Mwalimu, mtoto wa Mama Nabintu wa Tete?" Nikasema ndiyo. Akavua kofia, nikaelewa. Alifariki msimu wa mvua, Dona Celeste akamzika kwenye kiwanja chake, nyuma ya jiko. Dereva akasema wote waliopita njia ile walimjua. Kila asubuhi alitoa kigoda, akauza karanga pembeni ya barabara, uso ameuelekeza kusini, na kila lori lililotoka Joburg alilisimamisha kuuliza kama kuna mwalimu mrefu na mtoto wa kike ndani. Hakuwa akilalamika, alisema. Alikuwa akiuliza tu.

Nilirudi nyumbani nikakuambia Bibi amefariki Bukavu. Ulikuwa na miaka tisa. Uliuliza nani alimzika, nikasema majirani. Hilo pekee lilikuwa kweli.

Kisha likaja lile shindano la insha shuleni kwako. Nilivaa suti, nikakaa mstari wa tatu. Ulisoma kwa Kiingereza kizuri safari ya siku ishirini na moja, na Bibi amesimama langoni Bukavu akipunga kitambaa mpaka gari lilipopotea. Nyumba yetu haikuwa na lango. Kitambaa kilikuwepo, Mama. Sijui ulikitoa wapi, labda kuna kitu ndani yako kilichokataa kufutika. Mwalimu wako alikuwa anafuta machozi, ukumbi mzima ukasimama. Nami nikasimama. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Na insha hiyo ndiyo iliyosomwa na watu wa chuo cha Cork, ndiyo iliyokupatia nafasi. Alama zako zingetosha, nimejisemea mara nyingi, lakini sijui. Ninachojua ni kwamba kesho unapanda ndege na uongo wangu umo mkobani mwako, umeuandika kwa mwandiko wako, na wewe huna habari.

Sikuandikii ili nikuambie uwe mkweli siku zote. Mtu anayekimbia ana haki ya kujiokoa, na hata leo sijui kama tungepokewa kwa hadithi ya kweli. Papa Dieudonné simlaumu. Wengi wako hai kwa ajili yake. Kosa langu kubwa halikuwa pale mbele ya mama wa miwani. Kosa langu ni kwamba niliubeba ule uongo nikarudi nao chumbani, nikauweka mezani, tukala nao miaka kumi na mitatu. Ikikulazimu siku moja kudanganya mlangoni pa watu, uuache uongo hapo hapo mlangoni. Usimpe mtoto wako aulee.

Na huko utakutana na watu watakaokuonyesha njia kwa uhakika sana: hii ndiyo fupi, hii ndiyo salama, wengine wote wamepita hapa. Wasikilize. Lakini uliza pia nani hakuandikwa kwenye njia hiyo. Mimi nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, na diploma, na sikuuliza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kupita zote nilizowahi kutembea, na bado sijafika.

Kuna jambo moja la nyumbani ulilizoea ambalo labda hukuwahi kulifikiria. Kwetu mtoto wa kike akipewa jina la mama wa baba, baba humwita Mama. Nimekuita hivyo tangu siku ulipozaliwa. Mama, amka. Mama, kula. Mama, usichelewe kurudi. Kila nilipokuita nilimwita na yeye, na kila ulipoitika nilisikia anaitika. Siku nyingine ilikuwa faraja. Siku nyingi zaidi ilikuwa adhabu, na nadhani ndiyo sababu ulikuwa ukinikuta nimenyamaza bila sababu, ukaniuliza, "Papa, nimefanya nini?" Hukufanya kitu. Naomba uniamini katika hili kama huwezi kuniamini katika mengine.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mwanasheria anayesaidia watu kanisani. Nilimweleza yote bila kusema ni rafiki. Alisema mtoto wa miaka mitano halaumiwi kwa alichofundishwa, na kwamba wa kuulizwa ni mimi. Kwamba nikienda kusahihisha faili langu, linaweza kufunguliwa upya, na hawezi kuniahidi mwisho wake. Nitakwenda. Nilisubiri tu safari yako iwe imekamilika, na hata kusubiri huko sijui kama ni busara au ni woga ule ule umevaa koti jipya. Nikishamaliza na faili, karatasi ibaki isibaki, nitakwenda Tete. Dona Celeste bado yupo, nimepata namba yake, tumeongea. Kireno changu ni cha hapa Rosettenville, cha kununulia mkate, lakini tulielewana. Alinilaani kwanza, kisha akaniambia kaburi analifyeka kila baada ya mvua.

Wewe huko Cork ukiamua kuwaambia waliokupa nafasi, waambie. Usinilinde. Ukiamua kunyamaza mpaka uwe tayari, hilo nalo ni lako. Nimekuchagulia maneno mara moja na inatosha.

Nilikuwa nimepanga kukupa barua hii kesho uwanja wa ndege, ukishafika pale ambapo wasiosafiri hawaruhusiwi kupita. Nilikwisha kununua bahasha. Ningeitia mfukoni mwako, ungeisoma angani, na mimi ningekuwa nimesharudi nyumbani kwa teksi, salama, siulizwi. Leo asubuhi nikinyoa ndevu niliutambua mpango huo. Ulikuwa ni ule ule wa saa tatu asubuhi.

Kwa hiyo nitakupa leo, hata kama kichwa kimesukwa nusu. Nitamwomba Mama Chantal atoke kidogo. Soma mpaka mwisho, halafu uniite au usiniite. Ukisema nisikusindikize kesho, sitakuja, na sitamtuma mtu kukubembeleza. Ukitaka kunifokea, nifokee kwa lugha yoyote uitakayo. Ukitaka kuuliza, uliza yote, hata lile ninaloliogopa zaidi.

Nitakuwa jikoni, mlango nimeuacha wazi. Sitatoka hata kwenda kununua mkate.

Papa yako